Stesheni Iliyokaa Upande Usio Wake

Kichanja cha kukaushia kahawa nyumbani kwa Mama Margareta, kule Uru, kina tabia ya kuhama. Katikati ya mwaka hukaa upande wa juu wa nyumba, ule unaotazama mlima, kwa sababu miezi hiyo jua, siku linapokubali kutoka mawinguni, huegemea huko. Mwaka ukielekea mwisho, watu wawili hukishika miguu wakakizungusha hadi upande wa chini unaotazama mji, maana jua nalo limehama. Hakuna anayemfundisha mwenzake jambo hilo. Ukiolewa katika boma lile unakuta kichanja kinahama, nawe unashika upande wako, unanyanyua.

Violet alikuwa amekwisha kunyanyua vya kutosha tangu Ronald alipomleta pale kama mke. Ndiyo maana kosa lake lilipokuja halikubisha hodi. Lilikuwa la nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Katika chumba cha uani kilichokuwa stoo ya mahindi, Violet alikuwa akijenga stesheni ya treni ya Uskoti. Si ya kupandia, ya kutazama: ubao mmoja wa ukubwa wa sinia la sherehe, na juu yake nyumba ya mawe yenye mlango usiofika nusu ya kidole cha mwisho, jukwaa la abiria, vipande vya reli, kilima upande mmoja na ziwa upande mwingine. Mahali hapo paliitwa Balnarrig. Mama Margareta, ambaye ulimi wake hauna muda na majina ya mbali, alipaita Banariki, na haikupita muda hata Violet akajikuta anasema Banariki.

Ilianzia kwenye masomo ya jioni. Violet alikuwa akishuka mjini kutafuta cheti cha kidato cha nne, mtoto wake Eunike akibaki na bibi yake, na mwalimu wa jiografia akataka kila mwanafunzi alete kitu kinachoeleza mahali alipokulia. Wenzake walileta ramani. Violet alileta stesheni ya Moshi juu ya mfuniko wa boksi, kwa sababu alikulia kota za reli. Baba yake, Mzee Wenseslaus, alikuwa akikata tiketi pale mpaka treni za abiria zilipokoma, nao wakaondoka na magodoro yao juu ya pikapu ya jirani.

Ronald, ambaye kazi yake ni kupandisha wageni mlimani, aliipiga picha stesheni ile ya boksi akawa anaionyesha kambini kama wenzake wanavyoonyesha picha za watoto. "Hii kaitengeneza mke wangu," alikuwa anasema. "Mtoto naye ninaye, lakini tazama kwanza hii."

Mgeni mmoja, mwanamume wa makamo aitwaye Alasdair, aliishika ile simu akaitazama mpaka chai yake ikapoa. Halafu akaeleza. Mama yake, Bibi Isobel, naye ni binti wa stesheni. Baba yake alikuwa mkuu wa kituo cha Balnarrig. Reli ile ilifungwa, nyumba ikabomolewa, mawe yake yakaenda kujengea uzio wa mtu. Sasa bibi ametimiza umri mkubwa na macho yanamwacha. Katikati pamezimika, zimebaki pembe, hata akitaka kukutazama lazima ageuze uso kando kama kuku anayechungulia punje. Alasdair alitaka kumjengea stesheni ile, ampe siku yake ya kuzaliwa, mwanzoni mwa Oktoba, kabla pembe nazo hazijazimika. Iwe ghafla. Asiulizwe kitu.

"Mke wako ataweza?" akamuuliza Ronald.

"Mke wangu?" Ronald akasema. "Labda umkataze."

Alasdair alikuwa katika chama cha wazee wanaojenga reli ndogo, na hao, Violet aligundua, ni watu wasio na mchezo. Kwao huwezi kujenga zamani tu. Unachagua mwaka, ikiwezekana na mwezi, na kisichokuwapo mwezi huo hakiingii hata kingekuwa kizuri namna gani. Wakachagua Julai 1958. Violet alipopaka kibao cha jina rangi nyeupe, mzee mmoja wa chama alituma ujumbe kwamba miaka ile vibao vya stesheni za Uskoti vilikuwa vya buluu ya anga, herufi ndizo nyeupe. Akaambatanisha na picha ya stesheni ya jirani kuthibitisha. Violet akakwangua, akapaka upya. Hakuchukia. Kuna raha yake kuambiwa umekosea na mtu anayejali kitu kilekile unachokijali wewe.

Vifaa aliviokota kihambani, shamba la migomba na mikahawa linaloizunguka nyumba. Udongo mweusi wa Uskoti ulikuwa masalia ya kahawa yaliyokaushwa. Mawe ya ukuta yalikuwa mchanga wa mfongo, ule mfereji unaoshusha maji ya mlimani kwenye migomba, aliouchekecha kwa kichujio cha chai. Vichaka vilitoka kwenye ndevu za kijivu zinazoota juu ya mikahawa mizee, na mkahawa mmoja ukatoa tawi lililopinda sawasawa na msonobari uliosimama mwisho wa jukwaa.

Makosa yalikuwapo, ya kuchekesha. Nyuma ya stesheni Violet alijenga banda la ng'ombe, na mwanamke mdogo kama punje ya mchele akija na mzigo wa majani kichwani. Alasdair alicheka kwenye simu mpaka akavua miwani.

"Violet, huku ng'ombe yuko nje."

"Nje wapi?"

"Nje. Kilimani. Anajitafutia majani mwenyewe."

"Na mvua ikinyesha?"

"Inamnyeshea."

Mama Margareta, aliyekuwa mlangoni anasikiliza Kiingereza chao na kuelewa nusu yake, alitaka kutafsiriwa. Alipotafsiriwa akapiga makofi mara moja. "Yesu na Maria! Ng'ombe mwenye mwenyewe, analala kwenye mvua? Mwambie huyo baba nampa pole." Banda likabomolewa.

Lakini jambo kubwa lilikuwa ni wapi pa kuikalisha nyumba. Picha zilikuwa tatu tu, na ramani moja. Ramani ilionyesha reli ikitoka mashariki kwenda magharibi, kilima kaskazini mwake, ziwa kusini. Stesheni yenyewe ilikuwa nukta juu ya reli, kama nzi aliyetua. Je, nyumba ilikuwa upande wa kilima au upande wa ziwa? Picha ya kwanza ilipigwa kutoka ng'ambo ya reli, ikaonyesha uso wa nyumba, na nyuma ya paa weupe mtupu. Ya pili ilipigwa kufuata jukwaa, lakini ilichanika, umebaki msonobari umeinamia reli. Ya tatu ilikuwa ya Isobel mwenyewe, msichana mwenye magoti makavu amekaa kwenye ngazi, na huonyeshwi chochote zaidi ya ngazi.

"Mama anasema chumba chake kilikuwa cha nyuma," Alasdair alikumbuka siku moja. "Kilikuwa na dirisha dogo. Alikuwa akilala anatazama nje. Analisema sana dirisha hilo."

"Anatazama nini?"

Alasdair akakuna kidevu. "Hilo ama hakusema, ama sikusikiliza. Watoto hatusikilizi."

Basi dirisha lile likawa roho ya kazi yote. Mengine yangekosewa kidogo, lakini bibi akigeuza uso wake kando, akatazama kwa pembe ya jicho kupitia dirisha lile dogo, lazima akute alichokiacha.

Violet alilitafuta jibu kwenye kivuli. Picha ya kwanza nyuma yake iliandikwa Julai, mchana, na kivuli cha nyumba kilianguka mbele, juu ya jukwaa, kuelekea reli. Akatoka nje na simu yake akasimama uani. Julai, mchana: jua liko kaskazini, kwa mlima, kivuli kinaanguka kusini. Kwa hiyo reli iko kusini mwa nyumba, na nyumba iko kaskazini mwa reli. Upande wa kilima! Alifanya hesabu hiyo kichanja cha kahawa kikiwa mbele ya macho yake, kimeota jua upande wa juu, na hesabu ikakaa sawa kama chungu kwenye mafiga. Akamwandikia Alasdair: Ni upande wa kilima. Hakueleza amejuaje, naye kwa furaha hakuuliza.

Vitu viwili vilimsumbua wakati akijenga, akavinyamazia. Kwanza msonobari. Mti wenye kilima mgongoni umepindwa na upepo gani? Pili, kila alipochungulia ubao kutoka mahali alipokaa mpiga picha, kilima kilitokeza juu ya paa, na kwenye picha hakukuwa na kilima, mlikuwa na weupe tu. Akachukua kisu akakipunguza kilima. Ramani ilisema ni kirefu. Akakipunguza hivyo hivyo.

* * *

Mwanzoni mwa Septemba kazi ilikwisha. Ronald alikuwa anapanda na kikundi kwa njia ya Marangu, na ndani ya kikundi kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike anayetoka mji mmoja na Alasdair. Wangeshuka Jumamosi, naye angeondoka na ubao ndani ya boksi lake, aupakate kwenye ndege kama mtoto. Jumatatu ile Ronald alipoondoka, Violet alimpigia Alasdair simu ya picha amwonyeshe mara ya mwisho.

"Nakuona kiza," alimwambia. "Sogea, mwanga uko nyuma yako."

"Ni hili dirisha la jikoni," Alasdair akasema. "Linatazama kusini. Jua linanipiga mgongoni siku nzima."

Violet akatania. "Na Julai unahamia upande wa pili?"

"Upande wa pili kufanya nini? Huku jua haliji kaskazini. Julai, Desemba, mchana liko kusini tu. Nyuma ya nyumba ndiko kunakoota ukungu."

Nje Eunike alikuwa akimwimbia jogoo wimbo wa kumkemea. Violet alitazama ubao. Alitazama kivuli kidogo cha nyumba ya mawe.

Na alikuwa anajua! Hilo ndilo lililomuuma. Kwenye mtihani wa jiografia kulikuwa na swali la jua na mistari yake miwili ambayo halivuki, akachora duara na mishale, akapata alama zote. Lakini duara lile lilibaki kwenye karatasi ya mtihani. Mikono yake ilijua jua la kichanja.

"Alasdair," alisema, "nimeigeuza. Nyumba iko upande wa ziwa. Mpiga picha alipiga akilitazama jua, ndiyo maana nyuma kuna weupe. Na msonobari, ni upepo wa ziwa ule."

Alasdair akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioumiza, "Violet, sikiliza. Ni nzuri mno. Mimi mwenyewe nisingejua. Mama atafurahi, hata iweje. Na ndege ni Jumapili."

"Nimempa kilima."

"Samahani?"

"Dirishani. Nimempa kilima."

* * *

Mama Margareta alikuwa akimenya ndizi za mtori alipoletewa habari. Hakuacha kumenya.

"Hii ndiyo shida ya shule ya jioni," alisema. "Jua limeshazama, ndipo mnaanza kusoma habari za jua."

"Mama, usinicheke."

"Sikucheki. Peleka."

"Iko upande usio wake."

"Nani atajua? Mwana hajui. Wale wazee wa chama hawajui. Hata mawe ya nyumba hayapo."

"Yeye atajua."

"Si ulisema macho yamekwisha?"

"Yamebaki pembeni. Ndiyo maana, Mama." Violet alishusha sauti kwa sababu Eunike alikuwa amekuja kuegemea goti lake. "Yakizimika atabaki na alichokiona mwisho. Nikimpa dirisha la uongo, hilo ndilo atakalobaki nalo."

Mama Margareta akatumbukiza ndizi kwenye maji. "Kakate majani ya ng'ombe kabla mvua haijaja," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Violet alikwenda kukata majani. Aliinama na mundu wake, mawazo yakashuka mjini bila kuombwa ruhusa. Treni ya abiria iliporudi Moshi baada ya miaka mingi, alimbeba Eunike mgongoni akaenda naye kuitazama. Baadaye akampitisha kwenye kota amwonyeshe dirisha la chumba alicholala akiwa mdogo. Lakini kota zilikuwa zimepakwa rangi nyingine, ukuta umezibwa huku, umetobolewa kule. Alisimama akihesabu madirisha, akapoteza hesabu. Mwisho akanyoosha kidole. "Lile pale," alimwambia mtoto. Hakuwa na uhakika. Mpaka leo kidole kile kinamwasha.

Kesho yake asubuhi Mama Margareta aliingia stoo na ndoo ya maziwa mkononi, bado hajavua buti za zizini. Yeye si mtu wa kuingia stoo. Alisimama juu ya ubao, akauangalia muda mrefu.

"Nyumbani kwetu Marangu," alisema, kama mtu anayejibu swali la jana, "jikoni palikuwa na kidirisha. Ukikaa unapalia moto, unaona maji ya mfongo yanapita kwenye majimbi. Nilitoka pale Mlutheri, nikaja hapa wakanifanya Mkatoliki, sikulalamika. Lakini kaka yangu Eliufoo alipojenga nyumba ya tofali, jiko akalielekeza barabarani. Nzuri. Vigae mpaka chini. Kila nikienda nakaa nje." Akaweka ndoo chini. "Kwanza nieleze. Inawezekanaje jua lisihame?"

Jua lilikuwa limechungulia kidogo, wakautoa ubao uani. Violet akamwambia Mama ashike ukingo wa upande wa jua, aunyanyue kidogo, ili uso wa ubao ulipe jua mgongo.

"Sasa hapo, Mama, nyumba hii ndogo imekaa mteremkoni. Jua likisogea kidogo huku au kule, kwake linabaki upande uleule. Kivuli hakibadilishi upande."

Mama Margareta akauinamisha, akaurudisha, akauinamisha tena. Kivuli cha nyumba ya mawe kilirefuka, kikafupika, hakikugeuka. "Kumbe kwao dunia imeinama."

"Imeinama."

"Na sisi je? Si ndio tunaokaa mteremkoni?" Akaanza kucheka, na Violet naye, mpaka ziwa likakaribia kumwagika kama lingekuwa la maji.

Waliporudi ndani Violet alishika kisu akasimama nacho juu ya kilima alichokifupisha. Kilima kile alikijenga kwa magome ya mgomba na plasta, akakiotesha vichaka kimoja kimoja kwa kibanio cha nyusi. Mkono haukwenda.

"Lete," Mama Margareta akasema. Alikitia kisu chini ya kilima kama anayetoa mkate kwenye sufuria, akakinyanyua kizima. Eunike akadai apewe. Akapewa, akaenda nacho nje, na baadaye wakamkuta amemlaza ng'ombe wake wa gome la mgomba juu yake, kwenye manyunyu. "Ni wa Banariki," alieleza. "Ananyeshewa."

Siku zilizofuata Mama Margareta alikata majani ya ng'ombe mwenyewe na hakumtuma Violet hata kuchota maji. Violet aliing'oa nyumba na jukwaa lake, akaigeuza ili iendelee kuitazama reli, akaikalisha kati ya reli na ziwa. Msonobari ukahama nayo, na safari hii ulipoinamia reli hapakuwa na swali, ziwa lilikuwa nyuma yake na upepo wote wa ziwa. Kilima kipya kikainuka ng'ambo ya reli, kirefu kama ramani ilivyotaka, kwa sababu sasa hakikuwa na paa la kumficha mtu. Kisha akapiga magoti, akaweka jicho mahali alipokaa mpiga picha. Juu ya paa palikuwa peupe, pasipo chochote.

Tatizo likabaki ziwa. Maji aliyafanya kwa vanishi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lazima likauke. Nje mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Uru kama blanketi lililolowa. Ijumaa ukigusa ziwa, kidole kinabaki na alama.

"Dari," Mama Margareta akasema.

Juu ya moto wa jiko la kuni kuna dari ya fito, mahali pa kukaushia mahindi ya mbegu. Uskoti ikapandishwa huko na ngazi, ikafunikwa khanga isiingie masizi, na Mama Margareta akakaa chini kuuangalia moto usipande wala usizimike, kama anayechemsha maziwa ya mgeni. Jumamosi asubuhi ziwa lilikuwa gumu na jeusi, linang'aa.

Ronald alifika na mwalimu Mskoti, wote wawili pua zimechubuka kwa jua la juu. Aliinama kwenye boksi, akanusa. "Mbona inanuka kama nyama ya kukausha?"

Violet akashika kichwa. Harufu! Hilo hakulifikiria. Moshi wa kuni ulikuwa umeingia kwenye magome, kwenye karatasi, kwenye kila unyoya wa kichaka. Lakini muda ulikuwa umekwisha, na boksi likaondoka.

* * *

Simu ililia mwanzoni mwa Oktoba, mchana, siku ya kwanza ya jua baada ya wiki nzima. Violet alikaa kwenye kigoda uani, Eunike mapajani, Mama Margareta nyuma yake amejifunga kitenge kipya ingawa aliapa simu haimhusu.

Kwenye kioo walimwona Bibi Isobel amekaa mezani, mwembamba, sweta ya rangi ya zambarau. Ubao ulikuwa mbele yake umefunikwa. Alasdair akafunua.

Bibi hakutazama kwanza. Alinusa. Akasema neno, na Alasdair akarudia karibu na simu: "Anasema, jiko la stesheni. Anasema lilikuwa likifuka siku nzima, hata nguo za shule zilinuka hivi hivi."

Kisha bibi akanyoosha kidole. Kilipita juu ya kibao cha buluu, kikapanda ukutani, kikahesabu mabomba ya moshi, kikashuka upande wa pili wa paa. Hapo kikaenda polepole. Kikatafuta. Kikafika kwenye dirisha la nyuma, dogo kama punje ya kahawa, kikatua.

Violet aligundua kwamba anamkaba Eunike, akalegeza mkono.

Bibi Isobel aliinama mpaka shavu lake likalala juu ya meza, kando ya nyumba. Akageuza uso, kidogo, tena kidogo, akitafuta ile pembe ya jicho iliyobaki. Halafu akaacha kusogea. Alibaki vile, shavu mezani, kama mtoto aliyelazwa ambaye bado hajalala, anatazama ziwa.

Uru, jogoo aliwika.

Alipoinuka alikuwa na mkunjo wa kitambaa cha meza shavuni. Aliifuta pua yake, akaitafuta simu kwa upande wa uso, akauliza jambo kwa ukali kidogo.

"Anauliza," Alasdair akasema, "kuku wake wako wapi."

"Kuku?" Violet akasema.

"Mama alikuwa na kuku?" Alasdair mwenyewe akamgeukia mama yake. "Hukuwahi kusema kuku."

"Hukuwahi kuuliza," bibi akasema, na hilo Violet alilielewa bila kurudiwa.

"Mwambie watakuja," Violet akasema. "Akija mgeni mwingine mlimani, kuku watakuja naye. Wangapi?"

"Sita. Na jogoo mmoja mbaya."

Mama Margareta alipotafsiriwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Bibi huyo ni mtu kamili. Mwambie aika. Mwambie Mama wa Uru anamshukuru kwa kututazamia vizuri."

Simu ilipokatika jua lilikuwa utosini, kama linavyokaa siku chache za mwaka, halina upande wowote. Kivuli cha Violet kilikuwa chini ya nyayo zake. Mama Margareta alikwisha kwenda kwenye kichanja.

"Njoo tuhamishe."

"Mbona mapema, Mama?"

"Kahawa haingoji Novemba. Shika."

Violet akashika miguu yake miwili, Mama akashika yake, wakanyanyua, kahawa ikanguruma kidogo juu ya wavu. Walifika katikati ya uani, Eunike akiwatangulia na kuku wote nyuma yake, Violet akasimama ghafla.

"Nini tena?" Mama Margareta akauliza, kichanja kimemning'inia mikononi.

"Sikuuliza kuku wake ni wa rangi gani."

"Weka chini," Mama Margareta akasema. "Weka chini upige simu. Usije ukampa wa kwetu."